Choa cha Ndama na Kichwa cha Mtoto

Upatapo likizo ukawapeleka watoto kwa babu yao Sepuka, mkoani Singida, huwakosi zizini wakiwakumbatia ndama. Ni furaha kuona. Lakini mtazame ndama usoni: akiwa na mabaka ya mviringo yenye magamba ya kijivu kandokando ya macho, huenda ana choa, na mtoto aweza kurudi mjini na mapunye.

Ugonjwa huu huletwa na kuvu. Mwaka 1939 wataalamu wa London waliipata griseofulvini kutoka katika ukungu, nayo ikakaa bila kutumika kwa choa hadi mwaka 1958, J. C. Gentles wa Glasgow alipoonyesha kwamba simbilisi walioimeza walipona. Dawa hii haiui kuvu papo hapo. Huizuia isikue, ikijikita katika nywele na ngozi mpya mpaka zile zenye ugonjwa zitoke. Ndiyo maana mtoto humeza vidonge kwa majuma mengi, hata kama kichwa kimekwisha kupendeza.

Je, ndama naye agawiwe vidonge hivyo? La, hasha! Griseofulvini yaweza kudhuru mimba, na nchi nyingi haziiruhusu kwa mifugo ya nyama na maziwa. Ndama aghalabu hupona mwenyewe baada ya miezi michache. Bwana Mifugo aweza kuwaelekeza dawa ya kumpaka. Kazi kubwa ni miti ya zizi, maana mbegu za kuvu huweza kukaa humo miaka. Isugueni kwa brashi na maji yenye klorini, na aliyeisugua aoge kabla ya kumbeba mtoto.