Vazi la Kinjikitile na Vazi la Spider-Man: Kutengeneza Mavazi ya Maigizo Mohoro



Watoto wa siku hizi ukiwaambia wachague mtu wa kumwigiza, hawaanzi na Mtakatifu Tarsisi. Wanaanza na Spider-Man, wanafuata Black Panther, na wale wadogo kabisa wanamtaka Akili, yule msichana wa miaka minne wa katuni za Ubongo anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Mohoro nako ni hivyo hivyo. Simu moja ya kaka mtu inatosha kuwakusanya watoto kumi chini ya mwembe. Wakati wa likizo walezi wa Utoto Mtakatifu wameniuliza maswali mawili: je, tuwakubalie? Na tukiwakubalia, mavazi tunayapata wapi? Nitaanza na la pili, kwa sababu ndilo lenye kazi ya mikono, na jibu lake linasaidia kulijibu la kwanza.

Mhusika hatambulikani kwa vazi zima. Anatambulikana kwa alama mbili au tatu. Spider-Man ni wekundu na mistari ya utando, basi. Fulana nyekundu ya mtumba, suruali ya bluu, na kalamu nene ya wino mweusi ya kuchorea utando kifuani, tayari watoto wanapiga kelele. Black Panther ni kaniki nyeusi, mkufu wa meno yaliyokatwa kwenye kopo, na mikono iliyopishanishwa kifuani. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2018, na mbunifu wake wa mavazi, Ruth E. Carter, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Inafaa watoto waambiwe alivyofanya kazi: alitazama mavazi ya watu halisi wa Afrika. Wale wanawake walinzi wa mfalme wana wekundu na shanga zinazotukumbusha Wamasai, na lile blanketi la shujaa wa mpakani ni la Wasotho. Kwa hiyo mtoto wa Mohoro anayetaka kuvaa kama Wakanda hana sababu ya kuagiza kitu Kariakoo. Wakanda wenyewe walikuja kuazima kwetu.

Sasa vifaa. Hapa ukindu upo, na akina mama wanaousuka mikeka watakusukia mkanda, taji au bangili kwa muda wa mazungumzo tu. Ungo uliochakaa ni ngao. Kawa la kufunikia chakula, ukiligeuza na kulipaka rangi, ni kofia ya mfalme. Kiroba cha sulfeti kilichofumuliwa pembeni ni joho. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni ndevu za mzee yeyote, kuanzia Abrahamu hadi Mtakatifu Yosefu, ila yashoneeni kwenye kitambaa kwanza. Yakigusa shavu moja kwa moja mtoto atajikuna onyesho zima. Mfuko wa karatasi wa saruji, ukikung'utwa na kufutwa kwa kitambaa kibichi mara mbili, una rangi ileile ya kaki ya sare za askari. Masizi ya sufuria yakichanganywa na uji wa muhogo ni rangi nyeusi, manjano ya jikoni ni rangi ya njano, na udongo mwekundu mnaujua wenyewe.

Kinyago kina hatua zake. Pulizeni puto, pakeni uji mzito wa unga wa muhogo, bandikeni vipande vya magazeti tabaka la kwanza, acheni likauke. Kisha la pili, la tatu, la nne. Wengi huharakisha hapa, na kwa unyevunyevu wa bonde hili kinyago kinaota ukungu kabla ya Jumapili. Kila tabaka lipewe siku yake, kivulini penye upepo. Likikauka la mwisho, pasueni puto, kateni nusu, toboeni macho makubwa kuliko mnavyodhani yanahitajika, na pua iwe wazi. Mtoto asivalishwe mfuko wa plastiki kichwani kwa sababu yoyote. Mifuko yenyewe ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini bado inaonekana.

Kuhusu kushona, fundi cherehani mmoja niliyempelekea picha ya kwenye simu alinijibu, "Frateri, picha haina kiuno. Niletee mtoto nimpime." Mengine sina la kuongeza.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kuletwa. Pwani yetu inajibu vingine. Mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa, vijana walianza kucheza beni, ngoma iliyosambaa baadaye mpaka Tanganyika. Walikuwa na vyama vilivyoshindana, Marini na Arinoti, wakavaa sare, vyeo na nishani kama maofisa wa Kizungu wa jeshi. Hao maofisa ndio waliokuwa "mastaa" wa wakati ule, na kuwavaa kulikuwa kuwashangaa na kuwacheka kwa pamoja. Kusini zaidi, Wamakonde wana mapiko, kinyago na nguo zinazomfunika mchezaji mwili mzima asijulikane ni nani.

Lakini Mohoro ina mhusika wake, na kwangu yeye ni mgumu kuliko Spider-Man. Ni Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wajerumani walimnyonga hapa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache baada ya vita vya Maji Maji kuanza. Wanafunzi wengi wanamjua kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyochapishwa mwaka 1969, na mwandishi mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba mhusika wake si yule wa historia hasa. Kinjikitile hana sare ya kunakili kutoka kwenye skrini. Tumvalishe nini?

Rudini kwenye alama. Inasimuliwa kwamba aliingia ndani ya maji na kesho yake akatoka nguo zake zikiwa kavu. Hiyo ndiyo alama yake kuu, na haigharimu kitu: watoto wawili washike kitenge cha bluu kama ziwa, yeye apite nyuma yake, wenzake wanyunyiziwe maji halisi, yeye atoke mkavu, na shuka tu. Wafuasi wake wajifunge mabua ya mtama kichwani na kubeba vibuyu. Askari wa Kijerumani wavae karatasi ya saruji na tarbushi ya boksi yenye kitambaa cha kufunika shingo. Wengi wa askari hao walikuwa Waafrika. Msiwapake watoto unga usoni kuwageuza Wazungu wote.

Na kitanzi? Ushauri wangu ni kamba isionekane kabisa. Wapo hapa wanaolisikia jina hilo kama jina la babu. Shuka likibaki peke yake chini jukwaani, kila mtu ataelewa.

Sisi Wakatoliki tuna jambo la ziada. Siku kumi baada ya kunyongwa Kinjikitile, 14 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walimuua Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili waliokuwa njiani kwenda Peramiho. Igizo likiwaonyesha wote wawili, mavazi ndiyo yatakayowaambia watazamaji nani anaheshimiwa. Kinjikitile akivalishwa matambara ya mchawi na askofu akang'arishwa, tumeshahukumu kabla mtoto hajafungua mdomo. Mkifanya kinyume chake, askofu akawa kikaragosi chenye tumbo la mto, hukumu ni ileile. Jirani zetu wengi hapa ni Waislamu, na watakuja kutazama. Kanzu na kofia navyo visitumike kuchekesha.

Hapo ndipo lile swali la kwanza linaporudi. Darasani tunafundishwa kwamba neno la Kilatini *persona* lilikuwa kinyago cha mwigizaji kabla ya kuwa neno la Kanisa. Tunaposema Mungu mmoja katika Nafsi tatu, nyuma ya neno "nafsi" kuna neno lililotoka jukwaani. Plato aliogopa maigizo, akidhani anayemwiga mwovu atakuwa kama yeye. Aristotle alijibu kwamba binadamu huiga tangu utotoni na ndivyo anavyoanza kujifunza. Mtakatifu Thomas wa Akwino akaandika kwamba kazi ya waigizaji si dhambi yenyewe kwa yenyewe, mradi wasitumie maneno au matendo yasiyofaa. Na Karol Wojtyła, kabla ya kuwa padre, aliigiza kwa siri mjini Krakow wakati wa utawala wa Wajerumani. Kwa hiyo ndiyo, wakubalieni watoto Spider-Man wao. Atakayevaa shuka la Kinjikitile wiki ijayo awe ameshajifunza kuvaa mtu mwingine kwa uangalifu.

Ila sakristia ifungwe. Kanuni 1171 ya Sheria za Kanisa inataka vitu vilivyobarikiwa kwa ajili ya ibada vitendewe kwa heshima na visitumike kwa mambo ya kawaida. Askofu Spiss wa jukwaani ashonewe kanzu ya shuka jeupe na msalaba wa ukindu. Stola ya padre, hata ile iliyochanika, isiguswe.

Onyesho likiisha, fueni vitambaa, kausheni vinyago tena siku moja, vipangeni ndani ya sanduku la bati pamoja na majani makavu ya mwarobaini. Uji wa muhogo ni chakula, na panya wa Mohoro wanalijua hilo.