Mjapani, Kiingereza na Jamaa za Neno

Mjapani anayeanza kujifunza Kiingereza ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Lugha yake imekopa maelfu ya maneno ya Kiingereza, kwanza Japani ilipofungua milango kwa mataifa ya Magharibi katika karne ya 19, kisha kwa kasi zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia kumalizika mwaka 1945. Kompyuta anaiita “pasokon”, kiyoyozi “eakon”. Maneno hayo huandikwa kwa herufi za katakana, ambazo hulazimisha konsonanti nyingi kufuatwa na irabu, kama sisi tulivyofanya kwa benki na koti. Neno “strike” lilikopwa mara mbili: “sutoraiki” ni mgomo wa wafanyakazi, “sutoraiku” ni la uwanja wa besiboli. Mtafiti Frank Daulton, aliyefundisha Japani, alipochunguza familia 3,000 za maneno ya Kiingereza yanayotumika zaidi (familia ni neno pamoja na minyambuliko yake), aliona kwamba karibu nusu yazo zina mwenzao aliyekwisha kukopwa na Kijapani. Shule nazo zinaongeza. Mtaala ulioanza kutumika katika shule za msingi mwaka 2020 unataka mtoto ajifunze maneno 600 hadi 700 kabla ya sekondari, na akimaliza sekondari ya juu awe amefikia kati ya 4,000 na 5,000.

Kwa hazina hiyo, mtu angetarajia Kiingereza kimiminike. Hakimiminiki, na lawama hutupiwa mambo mengi: aibu ya kusema mbele za watu, mitihani, sauti za “l” na “r”. Yote yana ukweli wake. Lakini ipo sababu iliyo karibu zaidi na msamiati wenyewe, nayo ni kwamba tunahesabu maneno mojamoja, ilhali lugha husemwa kwa maneno yaliyozoeana. Tazama dawa. Mjapani husema anakunywa dawa, hata kama ni kidonge kikavu, kwa kitenzi “nomu”. Mswahili naye anakunywa dawa. Mwingereza anaichukua: “take medicine”. Mvua ikimwagika, Kijapani huiita mvua kubwa, nasi vivyo hivyo, lakini Kiingereza huiita nzito. Chumba kisicho na nafasi, kwa Kijapani ni “semai”, kifinyu, ndiyo maana mwanafunzi huandika “narrow room” bila wasiwasi wowote, wakati Mwingereza hutumia neno hilo kwa upana peke yake. Katika mifano yote hii mwanafunzi anayajua maneno yote. Asichokijua ni neno lipi limezoea kukaa na lipi.

Ushahidi wa maabara unaunga mkono jambo hili. Mwaka 2010 watafiti Junko Yamashita na Nan Jiang walichapisha jaribio ambamo Wajapani walioneshwa mafungu ya maneno ya Kiingereza na kutakiwa kuamua haraka kama yanakubalika. Baadhi ya mafungu yalilingana na Kijapani neno kwa neno, mengine hayakulingana. Wanafunzi waliosomea Kiingereza Japani walikosea zaidi kwenye yasiyolingana, na walichelewa zaidi kuyaamua. Wajapani waliokuwa wakitumia Kiingereza katika maisha ya kila siku hawakuchelewa, ila nao waliendelea kuyakosea zaidi mafungu hayo. Lugha ya kwanza, kwa maneno mengine, hukaa mlangoni muda mrefu ikikagua nani aingie.

Ajabu ni kwamba Japani yenyewe ndiko jambo hili lilikotambuliwa mapema. Mwaka 1915 mwanazuoni Saitō Hidesaburō alitoa kamusi ya Kiingereza na Kijapani aliyoijenga juu ya nahau na mafungu ya maneno. Mwaka 1922 akafika Mwingereza Harold Palmer, akaongoza taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza jijini Tokyo, na mwaka 1933 taasisi hiyo ikachapisha ripoti yake maarufu kuhusu maneno yanayoandamana. Mwenzake A. S. Hornby aliendeleza kazi hiyo kwa kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, katikati ya vita, wakati Kiingereza kilikuwa kikipigwa vita nchini humo kama lugha ya adui. Mwaka 1948 chuo kikuu cha Oxford kiliichapisha upya. Ndiyo mama wa ile kamusi nene ya Oxford ya wanafunzi inayoonekana leo katika maktaba za shule kuanzia Kampala hadi Mombasa. Ilitungwa kwa kuwafikiria wanafunzi wa Kijapani.

Wapo watakaosema maneno ya mkopo ndiyo adui hasa. Kweli, yana mitego. “Manshon” ni fleti ya kawaida, wala haina ukwasi wa jumba la kifahari, na “kanningu” ni kuibia mtihani. Hata hivyo mitego hiyo ni michache ukiilinganisha na maneno yaliyobaki na maana yake, na dawa yake ni kujifunza neno pamoja na yale yaliyozoeana nalo: aliyekutana na “a cunning plan” ameshajua kwamba hapa hapana mtihani wala mwizi wake.

Pingamizi zito zaidi ni hili: daktari wa London ataelewa “drink medicine” bila shida, na Kiingereza cha leo kwa sehemu kubwa husemwa kati ya watu ambao si chao cha kuzaliwa. Kwa nini basi kumhangaisha Mjapani ajifanye Mwingereza? Kwa nahau za mapambo nakubali kabisa. Mvua ya paka na mbwa (“raining cats and dogs”), inayopendwa sana na vitabu vya mazoezi, ni nadra kuisikia mitaani, na mwanafunzi akiikosa hajapoteza kitu. Lakini suala la maneno yaliyozoeana ni la kasi kabla ya kuwa la urembo. Britt Erman na Beatrice Warren walipochambua matini za Kiingereza mwaka 2000, walikuta zaidi ya nusu yake imeundwa kwa mafungu yaliyokwisha kuwa tayari. Msikilizaji anayeyapokea mafungu hayo mazimamazima anapata nafasi ya kufikiri. Anayefungua neno mojamoja huachwa nyuma kabla sentensi haijaisha.

Je, mzigo wa kukariri hautakuwa maradufu? Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti bila msaada kunadai familia za maneno 8,000 hadi 9,000, na ukiongeza jamaa za kila neno, yaani maneno yaliyozoeana nalo, hesabu inatisha. Hapa matokeo ya Yamashita na Jiang yanapunguza woga. Fungu linalolingana na lugha ya nyumbani halihitaji jasho: Mjapani anafungua akaunti kama Mwingereza, na kama Mswahili. La kujifunza kwa makusudi ni lile lisilolingana tu.

Nahau halisi nazo hazihitaji kumezwa kama shubiri. Utafiti wa Frank Boers unaonesha kwamba mwanafunzi akielezwa nahau ilitoka wapi, huikumbuka vizuri zaidi. Kiingereza kimechota nyingi kwenye majahazi, Kijapani kwenye ulingo wa sumo, na sisi tunaposema mambo yamekwenda mrama tunaongea lugha ya mabaharia, tukijua tusijue.

Wanafunzi wa Kijapani hubeba vikadi vidogo vilivyofungwa kwa pete, Kiingereza mbele, Kijapani nyuma. Kikadi kilichoandikwa “medicine” peke yake kimefanya nusu ya kazi. Kiandikwe “take medicine”. Na msomaji wa Kiswahili mwenye ile kamusi ya Oxford rafuni aanze na sentensi za mifano, kwani ndimo maneno huonekana pamoja na jamaa zake.