Fulana ya Mikono Mirefu kwa Baridi ya Eldoret

Kila ifikapo Juni, upepo wa kusi unapowapa watu wa pwani nafuu ya joto, mabinti zetu walioko Eldoret kwa masomo, kazi au ndoa huanza kulalamika. Mji ule umeinuka takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri zake za Julai zina baridi ambayo dera la Mombasa halikukusudiwa kuikabili. Wengi hukimbilia koti zito. Dawa iliyo bora zaidi ni fulana ya mikono mirefu inayokaa karibu na mwili, ikavaliwa chini ya dera au buibui. Kinachomtia mtu joto si unene wa nguo pekee, bali pia hewa inayonaswa baina ya nguo na nguo. Ndiyo maana nguo mbili nyepesi mara nyingi huishinda moja nzito. Na kwa kuwa vazi la juu ndilo linalositiri umbo, kubana kwa fulana ya ndani hakuna ubaya. Ikivaliwa peke yake mbele ya wasio maharimu, hukumu yake ni nyingine.

Fulana hizo zimejaa katika mitumba. Tatizo ni mkono. Nyingi zilishonwa bila kumfikiria mtu anayetawadha mara tano kwa siku, hivyo upindo hubana kwenye kifundo na kukwama katikati ya kigasha. Binti asimama mbele ya mfereji alfajiri, maji kama barafu, na mkono wa fulana haupandi. Ima ataulowesha atetemeke hadi adhuhuri, ima ataosha mpaka pale nguo ilipokwama na aende akasali. Hili la pili ni zito. Aya ya 6 ya Suratul-Maida imefaradhisha mikono ioshwe mpaka viwikoni. Ikibaki sehemu kavu, udhu haukutimia na Sala haikusihi.

Jambo hili si geni. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Mughira bin Shu'ba (r.a.) kwamba katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, Mtume (s.a.w.) alivaa juba la Sham lenye mikono myembamba. Alipotaka kutawadha, mikono ya juba haikupanda. Akaitoa mikono yake kwa chini ya juba, akaiosha, kisha akapangusa kichwa na khofu zake. Zingatia: khofu alizipangusa, lakini mkono wa juba hakuupangusa. Ruhusa ya vazi la mguuni haihamishiwi mkononi. Naye juba lake lilikuwa na nafasi ya kutolea mikono kwa chini. Fulana inayobana haina nafasi hiyo, sembuse katika bafu la hosteli lenye foleni mlangoni.

Basi na ishonwe nyumbani. Asishangae mtu kuona sheikh akizungumzia sindano: Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe.

Eldoret yenyewe ni mji wa nyuzi. Rivatex, kiwanda ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, kinajulikana kwa vitambaa vya pamba; Ken-Knit kwa sweta, mablanketi na nyuzi za kufumia. Kwa kazi yetu kinatakiwa kitambaa cha vitanzi, kama cha fulana au sweta jepesi, si cha nyuzi zilizopishana kama kanga, kwani hicho hakivutiki. Pamba tupu ni laini lakini ikilowa hukawia kukauka. Iliyochanganywa na polista hukauka upesi.

Vipimo vya kifua na bega kila fundi anavijua. Kinachosahauliwa ni kiwiko. Kunja mkono kidogo, upime mzunguko wake hapo. Tuseme ni sentimita 26. Ukitaka upindo wa kifundoni uwe sentimita 20, lazima kila sentimita 10 za kitambaa zivutike hadi 13. Lijaribu hilo dukani: shika sentimita 10 kwa upande wa mapana, vuta hadi 13, kisha achia. Kikibaki kimelegea, mrudishie muuzaji. Urefu nao upimwe mkono ukiwa umekunjwa, tangu begani hadi kifundoni, ndipo uongeze sentimita 3 za upindo.

Cherehani nyingi za kukanyaga kwa miguu hushona mshono mnyoofu tu, na mshono huo hukatika mkono unapopandishwa. Mwenye mashine ya zigizaga atumie zigizaga nyembamba. Asiyenayo akivute kitambaa kidogo, mbele na nyuma ya sindano, huku akishona kwa uzi wa polista. Sindano iwe ya ncha ya mviringo, isiyokata vitanzi. Ile ya ncha kali huacha matundu yanayofumuka baada ya kufuliwa.

Kabla ya kushona upindo wa mwisho, piga bandi kwanza, uivae. Pandisha mikono yote miwili juu ya viwiko, na ikae huko bila kushikiliwa, kwani anayetawadha hana mkono wa tatu. Ikiteremka, punguza. Ikiacha alama nyekundu kwenye ngozi, fumua bandi uongeze.