Baa na gesti za Kibondo na Kasulu zatafuta mteja mpya

Oktoba 2015, kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya wilayani Kibondo, mji ule ulipokea wageni wa aina mbili kwa mpigo. Wa kwanza walikuwa Warundi waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao Aprili mwaka huo. Hao walipelekwa kambini, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 haiwaruhusu kutoka bila kibali. Wa pili walikuwa waliokuja kuwahudumia: matabibu, mafundi wa maji, wahasibu, madereva. Wengi walikuwa Watanzania kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, wenye mshahara wa uhakika, posho mfukoni, na jioni ndefu mbali na familia zao. Biashara ya usiku ya Kibondo ilijengwa na hawa wa pili.

Namna ilivyojengwa inaeleweka kirahisi. Kazi za kambini huisha mapema na magari ya mashirika hurudi mjini kabla giza halijaingia. Mtu ameoga, ana njaa, na kesho saa kumi na mbili asubuhi anaondoka tena. Grosari iliyokuwa na benchi mbili ikaongeza viti vya plastiki, kisha jiko la nyama choma, kisha runinga ya mpira wa Uingereza. Gesti ya vyumba sita ikaongeza vingine vyenye choo ndani na maji ya moto, maana usiku wa nyanda hizi una baridi. Kasulu, iliyokuwa na kambi ya Nyarugusu tangu 1996, ilishapita njia hiyo miaka mingi kabla. Kote kuwili, posho ndiyo iliyopanga bei ya chumba.

Uswisi wanaijua biashara ya namna hii, nao huihesabu kwa msimu. Katika miji ya milimani kama Zermatt na Verbier, baa hujaa theluji ikishatanda Desemba, na Aprili ikipita nyingi hushusha mapazia. St. Moritz inahesabu wageni wake wa majira ya baridi tangu 1864. Tofauti ni kwamba mwenye baa wa Zermatt anaijua kalenda yake. Anaajiri, anakopa na kuweka akiba kwa kuitazama. Msimu wa Kibondo hauna kalenda. Huanza watu wanapokimbia upande wa pili wa mpaka, na huisha kwa uamuzi wa Bujumbura, wa Dodoma, au wa Geneva, hukohuko Uswisi, yaliko makao makuu ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa.

Na umeshaisha zaidi ya mara moja. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 1993, Kibondo ilizungukwa na kambi; Warundi waliporejea kwao zikafungwa, Nduta ikiwamo. Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa 2012. Mtendeli, wilayani Kakonko, ilifunguliwa mwanzoni mwa 2016 na kufungwa 2021. Kisha ikaja 2025: Marekani ilikata misaada yake, na Juni mwaka huo UNHCR ikatangaza kufuta nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani kote. Kila nafasi inayofutwa katika ofisi ya Kibondo au Kasulu ni mpangaji mmoja, sahani moja ya jioni na meza moja ya Ijumaa inayobaki tupu. Aliyekopa benki kujenga vyumba ishirini kwa ajili ya semina za mashirika ana haki ya kukosa usingizi.

Hata hivyo, sioni kwamba usiku wa miji hii umefika mwisho. Mambo mawili yamebadilika, na yote mawili yana faida kwa mfanyabiashara mwenye macho.

La kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi Kasulu na Kibondo ziliishi kwa majenereta ya TANESCO yanayokunywa dizeli iliyosafirishwa mbali, na mwenye baa aliyejali wateja alilazimika kuwa na jenereta lake. Bia ya baridi ilikuwa na gharama ambayo mnywaji haioni: lita za mafuta zilizochomwa ili friji lisizime. Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizima majenereta hayo, na miji yote miwili ikaingia katika gridi ya Taifa. Friji, taa za bustani, pampu ya maji na spika vyote vikapata nafuu siku moja.

La pili ni barabara. Anayeikumbuka njia ya Nyakanazi hadi Kasulu ilivyokuwa, vumbi jekundu kiangazi na tope masika, mabasi yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa hofu ya majambazi, hatashangaa kwamba wasafiri walifika wamechoka, wakatafuta kitanda tu. Mradi wa Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, wa kilomita zipatazo 260, uliokopeshwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeunganisha nyanda hizi na Kanda ya Ziwa upande mmoja na mpaka wa Burundi upande mwingine. Lami hiyo inaleta malori, wachuuzi wa mihogo na maharage, na wafanyabiashara wanaokwenda soko la mpakani la Mabamba.

Lakini lami pia inamwezesha msafiri kupita bila kulala. Tena mwaka 2023 Serikali iliruhusu mabasi kusafiri usiku, baada ya katazo la miongo miwili na zaidi. Abiria aliyekuwa akilala njiani sasa anasinzia ndani ya basi. Anachohitaji akishuka saa nane za usiku ni choo safi, supu ya mbuzi, chapati na mahali penye mwanga pa kusubiri, na baa nyingi hazina hata kimoja katika hivyo saa hiyo. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inabana saa za kuuza pombe. Haimzuii mtu kuuza supu. Wala kahawa. Buhigwe jirani kuna kahawa ya arabika ya wakulima wa Kanyovu, ila msafiri anayetetemeka kwa baridi stendi ya Kasulu huletewa maji ya moto na kijiko cha kahawa ya kopo. Hili linaniuma kila ninapolifikiria.

Kuhusu pombe yenyewe, faida si kubwa kama inavyodhaniwa. Viwanda vya karibu vya TBL na Serengeti viko Mwanza, kwa hiyo kila kreti ya bia ya Balimi hubeba nauli ndefu, na mtaji wa mwenye baa ndogo hufungwa katika chupa tupu. Vijijini mshindani ni pombe ya ndizi, isiyohitaji friji wala depo. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini gongo bado inanyweka vichakani na bado inaua.

Nani basi ajengewe? Kasulu ni makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, ina chuo cha ualimu, ina wageni wa harusi na mikutano wasiokunywa kabisa na wanaotaka kulala bila kelele. Kujenga vyumba ukuta kwa ukuta na spika ni kuwafukuza. Mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara wa mazao hawana posho ya dola, lakini wapo Januari hadi Desemba.

Lipo pia suala la wahudumu. Wasichana wengi wa baa wanafanya kazi bila mkataba, wanalipwa kwa kukatwakatwa, wanakesha na kurudi makwao gizani. Amri ya kima cha chini cha mshahara inaitaja sekta ya hoteli waziwazi, nazo halmashauri zinazotoa leseni za vileo zina nafasi ya kuuliza mikataba hiyo kabla ya kugonga mhuri. Ziulize.

Na mwenye baa anayekwenda benki mwaka huu, Kibondo au Kasulu, aombe fedha za maji, vyoo na jiko linalowaka usiku kucha. Kreti zifuate baadaye.