Mtoto Mwenye Tundu la Moyo: Njia ya Kutoka Nakivale Hadi Mulago

Wazazi kadhaa wametufuata na swali moja: mtoto wangu ameambiwa ana tundu kwenye moyo, sasa niende wapi? Wengine hawajaambiwa kitu, wanaona tu mtoto hakui. Toleo hili tunawaandikia wao. Tumeongea na wazazi waliokwisha kupita njia hii na wahudumu wa afya wa hapa kwetu, na tunaandika yale ambayo mzazi anaweza kuyafanyia kazi.

Tuanze na moyo wenyewe. Una vyumba vinne. Upande wa kulia unasukuma damu kwenda mapafuni ikachukue hewa, upande wa kushoto unaisambaza mwili mzima. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, karibu 1 huzaliwa na kasoro ya moyo, awe wa Kongo, Burundi, Uganda au Ulaya. Si laana, si jirani, na mara nyingi hakuna kosa lolote alilofanya mama.

Kasoro hazilingani. Tundu dogo kati ya vyumba vya chini linaweza kujifunga lenyewe mtoto anapokua. Tundu kubwa ni habari nyingine. Damu nyingi kupita kiasi inaelekea mapafuni, na miaka ikienda, mishipa ya mapafu inakuwa migumu. Ikishafika hapo, kuziba tundu hakumsaidii tena mtoto, kunaweza hata kumuua. Hapo ndipo wazazi wengi wanaumia: daktari anawaambia ugonjwa ulikuwa wa kutibika, ila muda umepita. Kwa hiyo mtoto wa tundu kubwa hangojwi mpaka "apate nguvu kwanza".

Kuna pia kasoro ngumu zaidi, yenye mambo manne kwa pamoja, ambayo madaktari wanaiita Fallot kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1888. Njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba, na tundu lipo, basi damu isiyo na hewa inachanganyika na ile nzuri. Mtoto anakuwa wa bluu. Kwa ngozi zetu nyeusi bluu haionekani usoni. Tazama ulimi, fizi na kucha. Mtoto huyu akikimbia kidogo anachuchumaa, anapumzika, halafu anaendelea. Watu wanacheka, eti mvivu. Kumbe kuchuchumaa kunasaidia damu kwenda mapafuni, na mtoto amejifundisha mwenyewe. Akibanwa ghafla, akawa wa bluu sana na kuhema, mkunje magoti yafike kifuani, mtulize asilie, na mkimbizeni kituoni saa hiyo hiyo.

Kwa mtoto mchanga dalili ni nyingine: ananyonya kidogo anachoka, anatoka jasho kwenye paji la uso akiwa kwenye ziwa, anapumua haraka hata amelala, uzito haupandi, nimonia inarudi na kurudi. Mama mmoja wa upande wa Juru alituambia mtoto wake alitibiwa nimonia mara tano kwenye kituo kimoja, kila mara dawa ya maji na kurudi nyumbani. Mara ya sita alikataa kuondoka. Aliomba mtoto asikilizwe kifua kwa utulivu, awekewe na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima hewa kwenye damu. Hapo ndipo mlio wa ajabu wa moyo ukasikika. Sisi tunaona alifanya vizuri. Kuomba kifaa cha kidole si utovu wa adabu. Na mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa wa Down aombe moyo upimwe hata kama dalili hazipo, kwa sababu karibu nusu ya watoto hawa wana kasoro ya moyo.

Jambo la lugha nalo linatuangusha. Kwetu, ukisema "moyo unaniuma", mtu anaelewa una huzuni. Ukimwambia mkalimani hivyo, naye akageuza kwa Kinyankole au Kiganda, daktari anaweza kuandika mawazo mengi. Sema unachokiona kwa macho: anapumzika mara ngapi akinyonya, anatembea hatua ngapi kabla ya kuchuchumaa, kucha zina rangi gani. Na usimfanye mtoto wa miaka kumi kuwa mkalimani wa ugonjwa wa mdogo wake. Tafuta mtu mzima.

Sasa njia yenyewe. Inaanzia kituo cha afya cha hapa, maana bila karatasi ya rufaa (wengine tunaiita transfere) utazunguka bure. Kutoka hapa mtoto hupelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara. Kipimo kikubwa ni eko, yaani picha ya moyo kama ile wanayopigwa akina mama wajawazito. Hakiumi, hakuna sindano, wala damu haitolewi. Tunasema hivi kwa sababu kuna baba aliyemrudisha mtoto nyumbani akidhani wanataka kumfungua kifua siku hiyo hiyo.

Eko ikionyesha kasoro ya kupasuliwa, mlango ni Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko kilima cha Mulago, Kampala, karibu kilomita 270 kutoka Mbarara. Hapo ndipo wapo madaktari bingwa wa moyo wa watoto, na upasuaji wa kufungua moyo umekuwa ukifanyika tangu mwaka 2007. Wakati mwingine timu kutoka nje zinakuja kwa siku chache kupasua pamoja na wenzao wa Uganda. Majina huandaliwa mapema, kwa hiyo mtoto ambaye hana eko wala faili hawezi kuingizwa dakika ya mwisho.

Gharama hatutazificha. Uganda iliondoa malipo kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, na sisi wakimbizi tunatibiwa humo kama raia. Upasuaji wa moyo lakini bado ni ghali. Kwa rufaa za namna hii UNHCR na washirika wake wana kamati inayokaa na kuamua, na maswali yake makubwa ni mawili: mtoto ana nafasi gani ya kupona, na itagharimu kiasi gani? Ni maswali makavu, na kuna familia zimejibiwa hapana. Lakini kamati inasoma karatasi, haioni machozi. Eko ya zamani, uzito usioandikwa, ukurasa uliopotea, vyote vinamdhoofisha mtoto wako. Nunua daftari moja, andika kila tarehe, kila dawa, kila uzito. Omba nakala ya eko, piga picha kwa simu, na nyingine mwachie ndugu. Ukijibiwa hapana, uliza sababu, kisha uliza kama hali ikibadilika faili linaweza kurudishwa.

Wengi wanauliza habari ya kupelekwa Ulaya au Marekani kwa ajili ya matibabu. Ni kweli ugonjwa ni moja ya sababu zinazoangaliwa katika kuhamishiwa nchi ya tatu, ila nafasi ni chache, inachukua muda mrefu, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Usiache kliniki ya Mbarara ukingoja ndege. Na yule anayekuambia umpe pesa "akupangie kesi ya moyo" anakula jasho lako. Huduma za UNHCR haziuzwi.

Wakati wa kusubiri kazi ni nyingi. Chanjo zote apewe, maana surua au kifaduro kwa mtoto huyu ni hatari mara mbili. Mtoto wa bluu asikose maji. Akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti mapema, na nendeni kituoni. Meno yapigwe mswaki kila siku, kwa sababu vijidudu vya kinywani vinaweza kuingia kwenye damu na kushika moyo. Kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari wa meno habari ya moyo, huenda akampa dawa kwanza. Na tafadhali, jamani, wale wanaochokoa "meno ya plastiki" au kukata kimeo wasimguse. Kidonda kile kwenye fizi kinaweza kuwa njia ya kaburini.

Dawa za moyo zisikatwe kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Zikikaribia kuisha, rudi kituoni wiki moja kabla, si siku ile chupa imekauka. Anayekwenda Kampala achukue kadi ya mkimbizi, karatasi ya familia, daftari, nguo za baridi za mtoto, na namba ya mtu anayejua Kiganda. Wazazi waliokwisha kwenda wamekubali kuongea na wenzao. Ulizeni kwa wahudumu wa afya wa kijiji chenu, watawaunganisha.