Mbio za magari mitaani: Kisumu ipige hesabu kwanza

Mwishoni mwa Agosti 2024, jiji la Chennai nchini India lilifunga barabara za kandokando ya viwanja vya Island Grounds ili vijana wa Formula 4 washindane usiku kwenye mzunguko wa kilomita 3.5. Formula 4 ndiyo ngazi ya kwanza ya magari ya kiti kimoja baada ya karting, na kijana wa miaka 15 anaruhusiwa kuendesha. Suala la kutumia fedha za umma kwa mbio hizo lilikuwa limefikishwa Mahakama Kuu ya Madras, na siku ya kwanza ratiba ilivurugika kwa sababu kibali cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kilichelewa.

Kisumu inastahili kuitazama Chennai kwa makini. Tangu mkutano wa miji ya Afrika, Africities, wa Mei 2022, hakuna anayeshuku kwamba jiji hili linaweza kupokea maelfu ya wageni. Mbio za mitaani ni jambo jingine: unajenga uwanja mzima katikati ya mji, kisha unaubomoa baada ya siku chache.

Chukua mfuniko mmoja wa mtaro wa majitaka. Gari la kiti kimoja hupita sentimita chache tu juu ya lami, na hewa inayopita chini yake kwa kasi inaweza kuung'oa mfuniko. Mwaka 2019 mjini Baku, mfuniko uliharibu gari la Formula 1 la George Russell wa timu ya Williams mazoezini. Kwa hiyo mifuniko yote huchomelewa kabla ya mbio. Kazi hiyo mafundi wa jua kali wa Kisumu wanaiweza, mradi mifuniko yenyewe ipo. Wizi wa vyuma vya miundombinu ulizidi hata serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa mwaka 2022. Matuta nayo yang'olewe, kisha yajengwe upya. Halafu kuna kuta za zege, nyavu, ambulensi na bima.

Gharama isiyoandikwa popote ni ya mwenye bodaboda, mwenye tuktuk na mwenye duka wa Oginga Odinga Street. Barabara ikifungwa, hao ndio wanaolala bila mapato, na kwangu mimi fidia yao itangulie jukwaa la wageni mashuhuri.

Vijana wa Kenya wamepata njia katika rali kwa sababu barabara za vumbi tunazo, na Safari Rally ipo tangu 1953. Iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, milango ilifunguka: Februari 2022 McRae Kimathi alishindana kwenye theluji ya Sweden katika daraja la vijana. Kwa magari ya kiti kimoja hatuna ngazi kama hiyo, na wikendi moja ya kelele kando ya ziwa haitaijenga.

Pesa za mbio za mitaani zingefaa zaidi kwenye uwanja mdogo wa karting, tuseme upande wa Mamboleo, ambako madereva, mafundi na wapima muda wangefanya kazi mwaka mzima. Promota akija na mkataba wa mbio za mitaani kabla ya hapo, kaunti imuulize mambo mawili kabla ya kushika kalamu: nani anawalipa watu wa boda, na nani anarudisha matuta.