Tairi, Mpira na Neno "Jambo": Waayalandi Walivyokutana na Kongo

Makala haya yalizaliwa na aibu yangu mwenyewe, nami sioni haya kuieleza, kwani wahenga walinena kwamba kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa.

Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo. Hoja ilikuwa: "Wageni wameiletea Afrika hasara kuliko faida." Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Basi siku hiyo nilitiririka kama mto Kuja wakati wa masika. Nilitaja utumwa, nikataja mashamba yaliyotwaliwa, nikataja kodi ya kichwa. Mwisho nikapiga meza nikasema, "Wazungu wote ni wamoja! Aliyemwona mmoja amewaona wote!" Wee! Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Kura zilipopigwa, tulishinda.

Tulipokuwa tukitoka, mwalimu mlezi wa chama akaniita kando. Akaniambia kwa upole, "Umesema vizuri, mwanangu. Lakini ile sentensi ya mwisho umeitoa wapi? Wewe mwenyewe mtu akikuita Mjaluo huwa unamkatiza, eti 'Mimi ni Msuba.' Sasa mbona wenzako unawatia wote katika kapu moja? Nenda ukatafute habari za Waayalandi na Kongo, kisha utuandikie jaridani."

Nilibaki nimeduwaa. Waayalandi? Kongo? Wapi na wapi? Haya ndiyo niliyoyapata.

Watu waliotawaliwa na jirani

Ayalandi ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Jamhuri ya Ayalandi ni ndogo. Nchi yetu ya Kenya ingeweza kuimeza mara nane. Watu wake ni Wazungu, hilo ni kweli, lakini walitawaliwa kwa karne nyingi na Wazungu wenzao, yaani Waingereza. Mashamba yao yalitwaliwa, wakawa wapangaji katika ardhi ya babu zao. Kati ya mwaka 1845 na 1852 viazi, ambavyo vilikuwa chakula cha maskini, viliharibiwa na ugonjwa. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wapatao milioni moja wakahama. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya njaa, nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza.

Aidha, lugha yao ya asili ilififia, Kiingereza kikatawala. Uhuru wa sehemu kubwa ya kisiwa ulipatikana mwaka 1922. Sehemu ya kaskazini, ulipo mji wa Belfast, imebaki chini ya Uingereza mpaka leo.

Kongo nayo ni nchi kubwa mno, karibu mara nne ya Kenya. Lugha yake rasmi ni Kifaransa, kilicholetwa na Wabelgiji. Hata hivyo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake nne za kitaifa, na ndicho kinachotumika sana upande wa mashariki, kuanzia Goma na Bukavu hadi Lubumbashi. Kwa hiyo, msomaji, tunapoizungumzia Kongo tunawazungumzia wenzetu wa lugha.

Baiskeli yenye kisa

Nenda sokoni umwangalie fundi wa baiskeli. Muuza omena amefika, tairi limepata pancha. Fundi anatoa tyubu, anaitia pumzi, anaizamisha katika karai la maji, anatazama mapovu yanatokea wapi. Kisha anakwaruza, anapaka gundi, anabandika kiraka. Dakika chache tu, gunia la omena linaendelea na safari. Je, umewahi kujiuliza tairi la pumzi lilitoka wapi?

Lilitoka Ayalandi. Daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop, mzaliwa wa Skotilandi aliyefanya kazi Belfast, alimtengenezea mwanawe tairi la pumzi kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Mwaka 1888 akapata hataza. Mwaka uliofuata kampuni ya kuunda matairi hayo ilianzishwa Dublin. Zamani baiskeli ilitumia magurudumu magumu yaliyomtikisa mtu mifupa yote. Sasa ikawa laini, na kila mtu Ulaya na Marekani akaitaka. Baadaye yakaja magari.

Tairi huundwa kwa mpira, na mpira siku hizo ulitoka kwenye utomvu wa miti na mimea ya porini. Mwingi ulitoka Brazili. Lakini misitu ya Kongo nayo ilijaa mimea itambaayo yenye utomvu huo. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Sisemi kwamba Dunlop alimdhuru Mkongo yeyote. Huenda hakuwahi hata kumfikiria. Ninasema tu kwamba soko ni kama wavu: ukivutwa upande huu, samaki hutikisika upande ule.

Kuanzia mwaka 1885 Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Si koloni la nchi. Mali yake binafsi, kama wewe unavyomiliki kuku wako! Mpira uliotoka Kongo mwaka 1890 ulikuwa tani 100 hivi. Kufikia mwaka 1901 ulikuwa takriban tani 6,000. Je, wanakijiji walilipwa nini? Karibu bure. Kila mwanamume alitakiwa kuleta kiasi fulani cha mpira kwa muda uliowekwa. Akishindwa, mkewe alifungwa mpaka mpira uletwe. Wengine walichapwa viboko, wengine wakapigwa risasi. Askari walidaiwa hesabu ya kila risasi, nao walithibitisha kwa kuleta mikono iliyokatwa ya wafu, na mara nyingine ya walio hai.

Mwayalandi aliyesikiliza

Habari hizo zilianza kuvuja kupitia kwa wamisionari. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilimwagiza balozi wake mdogo huko Kongo akachunguze. Jina lake ni Roger Casement, mzaliwa wa karibu na Dublin mwaka 1864, aliyekuwa ameijua Kongo tangu ujana wake. Casement alifanya jambo la busara: hakupanda meli za serikali ya Leopold, alikodi merikebu ndogo ya wamisionari wa Kimarekani. Kwa nini? Kwa sababu anayepanda gari la mshtakiwa hupelekwa anakotaka mshtakiwa.

Akapanda mto, kijiji hadi kijiji, akiwasikiliza watu wenyewe kupitia kwa wakalimani, na kuandika. Alikuta vijiji ambavyo zamani alivijua vikiwa na watu wengi, sasa vimebaki na wachache. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1904. Serikali iliondoa majina na kuweka herufi tu mahali pake, jambo lililomuudhi sana, lakini ukweli ulikuwa umekwisha toka. Mwingereza mmoja, E. D. Morel, alikuwa amegundua kwa kutazama tu hesabu za meli kwamba pembe za ndovu na mpira vilitoka Kongo kwa wingi, lakini zilizorudi huko zilikuwa bunduki na risasi kwa wingi kuliko bidhaa za biashara. Huo ulikuwa wizi wala si biashara. Wawili hao waliungana, kelele zikapigwa ulimwenguni, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji. Uhuru ulikuwa bado mbali, lakini utawala wa mtu mmoja ulikuwa umekwisha.

Baadaye Casement alimwandikia rafiki yake kwamba aliweza kuyaona ya Kongo kwa sababu yeye mwenyewe alitoka katika watu waliowahi kuwindwa. Kongo ilimfundisha kuitazama upya nchi yake. Aliacha kazi ya Waingereza, akatafuta silaha Ujerumani kwa ajili ya uhuru wa Ayalandi, akakamatwa, na tarehe 3 Agosti 1916 akanyongwa London. Mabaki yake yalirudishwa nyumbani mwaka 1965.

"Jambo" lisilosikika

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja tu baadaye jimbo la Katanga, likiongozwa na Moise Tshombe, lilitangaza kujitenga. Katanga ilikuwa na shaba tele, na hata urani iliyotumika kuunda bomu la Hiroshima ilichimbwa huko Shinkolobwe. Kampuni ya Kibelgiji iliyochimba madini hayo ilikuwa na maslahi yake, na Tshombe alisaidiwa na maofisa wa Kibelgiji na askari wa kukodiwa.

Umoja wa Mataifa ulitafuta wanajeshi wa kulinda amani. Ayalandi ilionekana kufaa: haikuwa na koloni popote, wala haikuwa katika kambi ya Marekani au ya Warusi kijeshi. Kwa mara ya kwanza ilituma vikosi vizima nje ya nchi. Kati ya mwaka 1960 na 1964 zaidi ya Waayalandi 6,000 walihudumu Kongo. 26 hawakurudi hai.

Tarehe 8 Novemba 1960 askari 11 wa Ayalandi, wakiongozwa na Luteni Kevin Gleeson, walikuwa karibu na Niemba, kaskazini mwa Katanga, wakisafisha barabara iliyozibwa. Wapiganaji wa Kibaluba wakatokea na pinde, mikuki na mapanga. Husimuliwa kwamba luteni aliwaamkia kwa Kiswahili: "Jambo!" Jibu lilikuwa mishale. Waayalandi 9 waliuawa, na Wabaluba wapatao 25 pia walikufa kwa risasi.

Hapa ndipo nilipoiweka kalamu chini. Kwa nini waliwashambulia watu waliokuja kulinda amani? Wabaluba wa kaskazini walimpinga Tshombe, na vijiji vyao vilikuwa vimechomwa na askari wake na Wazungu wa kukodiwa. Walipoona Wazungu wenye bunduki, walidhani ni wale wale. Yaani, aliyemwona mmoja amewaona wote! Sentensi yangu ya mdahalo, ile iliyonipatia makofi, niliikuta imelala pale Niemba kando ya maiti.

Na usidhani upande wa pili haukuwa na kosa kama hilo. Kule Ayalandi umati mkubwa ulijitokeza Dublin kuwazika vijana wao, na kwa miaka mingi baadaye jina "Baluba" likatumiwa mitaani kama tusi. Watu waliokuwa wameonewa, wenye sababu zao, wakageuzwa neno la kumtukana jirani. Kapu moja tena!

Mwaka uliofuata, Septemba 1961, Waayalandi wapatao 155 chini ya Kamanda Pat Quinlan walizingirwa Jadotville, mji ambao leo huitwa Likasi. Walipigana siku tano dhidi ya adui aliyewazidi mara nyingi kwa idadi. Risasi na maji vilipowaishia, walijisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Lakini nyumbani walionekana waoga, wakanyamaza na uchungu wao. Ilichukua hadi mwaka 2016 ndipo nchi yao ikawapa heshima rasmi. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, Quinlan mwenyewe akiwemo.

Tujifunze nini?

Mosi, biashara ina mikono mirefu. Jana ilikuwa mpira wa tairi. Leo sehemu kubwa ya kobalti inayotiwa katika betri za simu na magari ya umeme duniani inatoka Kongo, katika jimbo lile lile la zamani la Katanga. Tunapoishika simu tuulize, mchimbaji alilipwa nini?

Pili, anayetaka ukweli na apande merikebu yake mwenyewe, kama alivyofanya Casement.

Tatu, hoja ya mdahalo sijaiondoa. Leopold alikuwa mgeni, na hasara aliyoiletea Afrika haisemeki. Ninaloliondoa ni lile neno "wote". Nimekuwa nikilalamika kwamba mgeni akifika Kisegi hutuita sote Wajaluo, bila kujua kwamba nyanya yangu akikasirika bado hugomba kwa Olusuba. Jambo nisilolitaka kwangu nimelifanya kwa wengine.

Jioni nilipomsimulia nyanya habari za Waayalandi waliopoteza lugha yao, alisikiliza akichambua omena kwenye uteo. Kisha akaniuliza, "Na wewe mjukuu wangu, unajua kuamkia kwa Olusuba?" Nikainamisha kichwa. Akacheka, akanifundisha. Nikakosea mara tatu, ya nne nikapata.

Ndugu msomaji, ukinipata hapa shuleni unaweza kunikosoa. Lakini kabla ya kunikosoa, niulize kwanza mimi ni nani. Kwaheri ya kuonana.